Kemikali za kusafisha maji ya ardhini: Nani ahakikishe dawa haigeuki sumu?

WAHENGA walinena kuwa dawa ya moto ni moto. Hawakuwa na visima vya maji akilini waliponena hivyo, lakini usemi huo ndio unaofuatwa katika maeneo mengi ya Marekani ambako maji yaliyo chini ya ardhi yameingiwa na sumu za viwandani. Ili kuiondoa sumu hiyo, wahandisi huchimba visima vipya na kupitia visima hivyo huingiza kemikali nyingine ardhini, kwa matarajio kwamba ya pili itaimaliza nguvu ile ya kwanza.

Njia hiyo ilianza kushika kasi katika miaka ya 1990. Imefanikiwa katika maeneo mengi, na katika mengine imeleta matatizo ambayo hayakuwapo awali. Ndiyo maana mjadala wake umehama kutoka maabara na kuingia katika vyumba vya mikutano ya bodi za maji. Je, ni nani mwenye haki ya kuruhusu kemikali imwagwe ndani ya maji ambayo mtu mwingine anayanywa, na kwa masharti gani?

Pengine hakuna mahali ambapo swali hilo limeulizwa kwa muda mrefu kuliko Hinkley, kijiji cha wakulima na wafugaji kilichoko katika jangwa la Mojave, Jimbo la California. Watu wengi duniani walikifahamu kijiji hicho mwaka 2000 kupitia filamu ya Erin Brockovich, iliyompatia mwigizaji Julia Roberts tuzo ya Oscar. Filamu ile iliishia pale wakazi walipolipwa fidia. Kazi ya kuyasafisha maji yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, na hadi leo haijakamilika.

Sumu ilivyoingia ardhini

Mwaka 1952, kampuni ya umeme na gesi ya Pacific Gas and Electric, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha PG&E, ilifungua kituo cha kusukuma gesi asilia karibu na Hinkley. Mitambo ya kusukuma gesi hutoa joto kali, hivyo kituo kilitumia maji katika minara ya kupozea. Ili mabomba yasile kutu, maji hayo yalitiwa kromiamu-6, madini ambayo ni hatari kwa afya ya binadamu na ambayo yakivutwa kwa hewa huleta saratani ya mapafu.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji yaliyokwisha kutumika yalimwagwa katika mabwawa ya wazi ambayo hayakuwa yametandikwa chochote chini. Kiasi kilichomwagwa kinakadiriwa kufikia galoni milioni 370, sawa na lita bilioni 1.4 hivi. Ardhi ya jangwani ni ya mchanga, na maji yale yalipenya polepole hadi kuyafikia maji ya visima ambayo wakazi waliyatumia kunywa, kupikia, kuogea na kunyweshea mifugo.

Mamlaka za jimbo ziliarifiwa na kampuni hiyo Desemba 1987, zaidi ya miongo miwili tangu umwagaji ulipokoma. Mwaka 1996 kampuni ilikubali kuwalipa wakazi waliofungua kesi dola milioni 333 za Marekani. Fedha hizo ziliwaendea watu. Maji yaliyochafuliwa yalibaki palepale chini ya ardhi, yakiendelea kusogea kila mwaka kufuata mkondo wake.

Kwa nini kemikali?

Njia ya zamani ya kusafisha maji ya ardhini ni kuyavuta juu kwa pampu, kuyachuja na kisha kuyarudisha au kuyatumia kwa kazi nyingine. Njia hiyo inaeleweka na ni rahisi kuisimamia, kwa kuwa kila kinachotendeka huonekana kwa macho. Kasoro yake ni kwamba huchukua miongo mingi na hugharimu fedha nyingi za umeme na matengenezo. Aidha, sumu iliyonata katika chembe za udongo hutoka kidogo kidogo, kiasi kwamba pampu ikizimwa kiwango chake katika maji hupanda tena.

Ndipo likaja wazo la kuitibu sumu humohumo ilimo. Kwa sumu za mafuta na baadhi ya viyeyusho vya viwandani, wahandisi huingiza kemikali zenye nguvu ya kuunguza, kama vile pamanganeti ya potasiamu, pasalfeti ya sodiamu au haidrojeni peroksaidi. Kwa sumu za aina nyingine hufanya kinyume chake. Huingiza chakula cha bakteria, kama sukari guru, mafuta ya mimea au ethanoli, ambayo ni pombe ya kawaida, ili bakteria waliomo ardhini wazaliane, wamalize oksijeni na kubadilisha hali ya maji.

Hinkley ilichaguliwa njia hii ya pili. Baada ya majaribio, ethanoli ilianza kuingizwa ardhini kwa kiwango kikubwa kuanzia mwaka 2007. Oksijeni inapokwisha, kromiamu-6, ambayo huyeyuka na kusafiri na maji, hugeuka kuwa kromiamu-3, ambayo sumu yake ni ndogo sana na ambayo hunata katika udongo isisafiri tena. Kwa lugha nyepesi, sumu haitolewi ardhini bali hufungwa palepale ilipo.

Katika sehemu nyingine za kijiji hicho maji yenye kromiamu hutumika kumwagilia mashamba ya majani ya mifugo, ambako udongo wa juu na mizizi hufanya kazi hiyohiyo ya kuibadilisha.

Kwa kipimo cha kromiamu pekee, ethanoli imefanya kazi iliyokusudiwa. Katika maeneo ilikoingizwa, kiwango cha sumu hiyo kilishuka sana. Pamoja na mafanikio hayo, ardhi haina kromiamu peke yake.

Upande wa pili wa dawa

Bakteria wanapomaliza oksijeni hawaishii hapo. Huendelea kutumia naitreti, kisha manganisi, kisha chuma na hatimaye salfeti. Manganisi na chuma ambavyo vilikuwa vimeganda katika mchanga kwa maelfu ya miaka huyeyuka na kuingia katika maji. Chuma kikiyeyuka, huachia aseniki iliyokuwa imejishikiza juu yake. Hivyo mtu aliyeondolewa kromiamu katika kisima chake anaweza kujikuta anapata manganisi na aseniki.

Aseniki haihitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaelekeza kwamba isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Kuhusu manganisi, kwa miaka mingi ilichukuliwa kama kero ya rangi na ladha inayochafua nguo na masinki. Mtazamo huo umebadilika. Mwaka 2021 WHO ilitoa kiwango cha muda cha mikrogramu 80 kwa lita kwa kuzingatia afya, hususan ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, kwa kuwa kiasi kikubwa cha manganisi kinahofiwa kuathiri ubongo unaokua.

Wataalamu wanaoitetea njia hiyo wanasema madini hayo huyeyuka katika eneo dogo tu linalozunguka visima vya kuingizia. Maji yakisogea mbele na kukutana tena na oksijeni, madini huganda upya. Hoja hiyo ina msingi wa kisayansi. Lakini inategemea eneo la matibabu liwe mbali vya kutosha na visima vya wakazi, na oksijeni iwepo ya kutosha huko mbele. Hayo mawili hayathibitishwi kwa hoja. Yanathibitishwa kwa kupima.

Hinkley wakazi walilalamika kuwa manganisi na aseniki vilionekana katika visima vyao, na wakahoji iwapo vililetwa na usafishaji wenyewe. Ugumu wa kuwajibu ulitokana na ukweli kwamba madini hayo mawili hupatikana kwa asili katika ardhi ya jangwa lile. Bila vipimo vya kutosha vilivyochukuliwa kabla ya kemikali kuingizwa, ni vigumu kutenganisha kilichokuwapo na kilicholetwa.

Kemikali za kuunguza nazo zina hatari zake. Zinaweza kuifanya kromiamu-3 isiyo na madhara makubwa igeuke kuwa kromiamu-6. Vilevile kiyeyusho cha TCE, kilichotumika sana kuondolea mafuta katika vyuma, kinapovunjwavunjwa na bakteria hupitia hatua ya kuwa vinili kloraidi, kemikali iliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Ikiwa bakteria wanaofaa hawapo au chakula chao kimekwisha katikati ya safari, kazi huishia hapo na maji hubaki na sumu mbaya kuliko ya awali.

Sheria inasemaje?

Nchini Marekani msingi wa udhibiti ni Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya mwaka 1974. Chini yake, Shirika la Kuhifadhi Mazingira la nchi hiyo (EPA) liliweka mpango wa kudhibiti visima vyote vinavyoingiza kitu ardhini na kuvipanga katika madaraja. Kanuni kuu ni moja: hakuna anayeruhusiwa kuingiza kitu kitakachohatarisha chanzo cha maji ya kunywa kilicho chini ya ardhi.

Visima vinavyoingiza taka za sumu ndani au juu ya tabaka lenye maji ya kunywa vilipigwa marufuku. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo liliongeza nguvu katika marufuku hiyo kupitia marekebisho ya sheria ya taka, lakini likaacha mlango mmoja wazi. Maji yaliyochafuliwa yanaweza kuvutwa, kutibiwa na kurudishwa katika tabaka lilelile iwapo ni sehemu ya usafishaji ulioidhinishwa, iwapo matibabu hayo yamepunguza sumu kwa kiasi kikubwa, na iwapo afya ya watu na mazingira vitalindwa.

Maneno hayo yalizua utata. Je, ni lazima maji yawe yametibiwa kabla ya kurudishwa, au inatosha kuyatia dawa na kuyarudisha ili yatibike yakiwa ardhini? Mwishoni mwa mwaka 2000, EPA ilitoa waraka uliotafsiri kwamba kuyatia dawa maji yaliyovutwa na kuyarudisha ili sumu ipungue humo ardhini kunaweza kuhesabiwa kuwa ni matibabu, mradi masharti mengine yatimizwe. Waraka huo wa kurasa chache ulizipa nafasi kubwa njia za kemikali na bakteria.

Visima vingi vya kuingiza dawa za kusafishia vimewekwa katika daraja la tano, ambalo kwa kawaida huruhusiwa na kanuni yenyewe bila ya kila kisima kupewa kibali chake. Mwenye kisima hutakiwa kuwasilisha taarifa zake na kutokihatarisha chanzo cha maji. Mamlaka inaweza kumtaka aombe kibali maalumu ikiwa ina wasiwasi. Majimbo nayo yana haki ya kuweka masharti makali zaidi, na mengi yamefanya hivyo.

Barani Ulaya mkondo ni tofauti kidogo. Mwongozo wa Maji wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000 unakataza kumwaga uchafu moja kwa moja katika maji ya ardhini. Miongoni mwa misamaha yake ni kuingiza vitu kwa kiasi kidogo kwa ajili ya utafiti, ulinzi au usafishaji wa maji hayo, na kiasi hicho kisivuke kile kinachohitajika kwa kazi husika. Hapo mzigo wa kueleza kwa nini kiasi fulani kinahitajika unamwangukia anayetaka kuingiza.

Njia ya California

California ilikuwa na sheria yake ya kulinda ubora wa maji tangu mwaka 1969. Chini ya sheria hiyo, bodi za kanda ndizo zinazotoa masharti kwa yeyote anayemwaga kitu kinachoweza kuathiri maji ya jimbo. Hinkley iko chini ya Bodi ya Lahontan. Mwaka 2008 bodi hiyo ilitoa kibali cha jumla kwa usafishaji wa eneo lote, badala ya kukaa kujadili kila kisima kimoja kimoja.

Kibali cha aina hiyo kina faida. Mhandisi anaweza kuhamisha kisima au kupunguza dawa bila ya kusubiri miezi mingi. Kwa upande mwingine, kinahitaji masharti yaliyofikiriwa vizuri tangu mwanzo: dawa zipi zinaruhusiwa, visima vya kupimia vikae wapi, na nini kifanyike iwapo madini yasiyotakiwa yatavuka mpaka uliowekwa.

Bodi hiyo iliona kwa macho yake kwamba masharti bila usimamizi hayatoshi. Amri yake ya mwaka 2008 iliitaka PG&E kuizuia kromiamu isivuke mpaka uliotajwa. Sumu ikavuka. Mwaka 2012 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 3.6 kumaliza shauri hilo, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa katika mradi wa maji safi kwa shule ya kijiji.

Mwaka 2013 bodi iliidhinisha ripoti ya tathmini ya athari za mazingira ambayo haikuangalia kromiamu peke yake, bali pia yale ambayo usafishaji ungeweza kuleta. Novemba 2015 ikatoa amri mpya yenye ratiba ya kufikia viwango vilivyowekwa pamoja na matakwa ya kufuatilia madini yanayotokana na dawa. Kwa maneno mengine, msafishaji alitambuliwa rasmi kuwa anaweza pia kuwa mchafuzi, na akatakiwa kujibu kwa yote mawili.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitatuliwi na wahandisi. Ni lini maji huhesabiwa kuwa yamekuwa safi? Kwa miaka mingi California ilitumia kiwango cha mikrogramu 50 za kromiamu ya aina zote kwa lita, sawa na mwongozo wa WHO, ilhali kiwango cha serikali kuu ya Marekani ni 100. Mwaka 2014 jimbo likaweka kiwango cha 10 kwa kromiamu-6 peke yake. Mwaka 2017 mahakama ikakitengua kwa sababu mamlaka haikuwa imechunguza ipasavyo iwapo watoa huduma ya maji wangemudu gharama zake. Kiwango hichohicho cha 10 kilipitishwa upya Aprili 2024 na kuanza kutumika Oktoba 1, 2024.

Aidha, kromiamu-6 hupatikana kwa asili katika miamba ya eneo lile. Haiwezekani kumtaka mchafuzi ayasafishe maji kuliko yalivyokuwa kabla yake, lakini pia haiwezekani kumwachia aite kila kilichobaki kuwa ni cha asili. Ilibidi Shirika la Jiolojia la Marekani lifanye utafiti wa miaka kadhaa, uliochapishwa mwaka 2023, kutofautisha kromiamu ya kampuni na ya Mungu.

Kubana au kulegeza?

Wanaotaka masharti yalegezwe wana hoja isiyopaswa kubezwa. Sumu haisubiri mikutano. Kila mwezi unaopotea katika kujadili kibali ni mwezi ambao maji machafu yanasogea kuelekea kisima kingine. Ikiwa kumwaga pombe kidogo ardhini kutahitaji makaratasi sawa na kumwaga taka za sumu, kampuni zitachagua kubaki na pampu za zamani kwa miaka 50, au zitakaa bila kufanya lolote huku mawakili wakiendelea kuandikiana barua.

Wanaotaka yabanwe nao wana ushahidi. Katika eneo la Hanford, Jimbo la Washington, ambako Marekani ilitengeneza malighafi za silaha za nyuklia, kemikali iitwayo ditionaiti ya sodiamu iliingizwa ardhini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kujenga ukuta usioonekana wa kuizuia kromiamu isifike Mto Columbia. Ukuta ulitarajiwa kudumu kwa muda mrefu. Baada ya miaka michache tu kromiamu ilionekana ikipenya katika baadhi ya sehemu zake, na wasimamizi wakalazimika kutegemea zaidi mitambo ya kuvuta na kuchuja.

Funzo la Hanford ni kwamba ardhi haifanani na mchoro wa mhandisi. Ina nyufa, ina matabaka ya mchanga yanayopitisha maji haraka na ya udongo mfinyanzi yasiyopitisha. Dawa hufuata njia rahisi na kuacha mifuko ya sumu bila kuguswa. Ikisukumwa kwa nguvu kubwa mno, inaweza kuisukuma sumu yenyewe kwenda mahali ambako haikuwapo, au kuchomoza juu ya ardhi.

Ukiyaangalia mashauri haya kwa pamoja, unaona kwamba tatizo si wingi wa masharti bali ni mahali yanapowekwa. Masharti mengi kabla ya kazi na machache baada yake huchelewesha usafishaji bila kumlinda mtu. Kinachomlinda mnywaji ni mambo machache yanayosimamiwa kwa uthabiti.

La kwanza ni vipimo vya maji kabla ya tone la kwanza la dawa kuingia, ili baadaye pasiwe na ubishi. La pili ni majaribio madogo kabla ya kazi kubwa. La tatu ni visima vya kupimia vilivyo kati ya dawa na wakazi, na kiwango cha tahadhari kinachomlazimu msafishaji kusimamisha kazi kabla sumu mpya haijamfikia mtu. La nne ni mpango wa pili ulioandikwa na kugharamiwa. La tano ni matokeo kuwekwa wazi kwa lugha ambayo mwenye kisima anaielewa.

La sita, ambalo husahaulika, ni fedha. Usafishaji wa aina hii hudumu kuliko nyadhifa za walioutia saini, na wakati mwingine hudumu kuliko kampuni zenyewe. PG&E ilijisalimisha mahakamani kwa ajili ya ulinzi dhidi ya wadai Januari 2019 kutokana na madai ya moto wa misituni, na ikatoka katika hali hiyo Julai 2020. Kampuni kubwa kama hiyo ilinusurika. Kiwanda kidogo kisingenusurika, na wadai wake wangebaki na visima vyenye sumu.

Hali hiyo haiko mbali na Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwachafulia wakazi mazingira kwa madini ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa na kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024, wakati kiwanda kilikuwa kimekwisha kufungwa miaka mingi nyuma.

Kwa wakazi wa miji ya ukanda huu, maji ya ardhini si suala la Wamarekani peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji la Dar es Salaam kuingia katika mgawo wa maji, visima vya Kigamboni ndivyo vilivyotegemewa kuziba pengo. Maelfu ya familia hununua maji ya kisima kwa ndoo au kwa magari kila siku. Wakati huohuo gereji, vituo vya mafuta na mashimo ya vyoo viko katika ardhi hiyohiyo, na dawa inayotumika sana kuhifadhi nguzo za miti za umeme ina kromiamu na aseniki ndani yake.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayozipa bodi za mabonde jukumu la kutoa vibali vya kutumia maji na vya kumwaga majitaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inatambua kwamba mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Huo ni msingi mzuri. Siku mwekezaji atakapokuja na pendekezo la kusafisha ardhi aliyoichafua kwa kuingiza kemikali, maofisa wa bonde watahitaji zaidi ya kifungu cha sheria. Watahitaji maabara, vipimo vya zamani vya visima vya eneo hilo na mtaalamu anayeweza kumuuliza mwekezaji maswali magumu.

Vipimo hivyo vya zamani haviwezi kuchukuliwa baada ya tukio. Kisima ambacho hakijawahi kupimwa hakina ushahidi wa kutoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa maji ya ardhini gharama ya ukuta huo huhesabiwa kwa vizazi.

Hinkley imeijua gharama hiyo. Kadiri mpaka wa sumu ulivyosogea, kampuni ilinunua nyumba za waliotaka kuondoka na kuzibomoa. Shule ya msingi ya kijiji, ileile iliyokuwa na mradi wa maji safi, ilifungwa mwaka 2013 kwa kukosa wanafunzi wa kutosha. Baadaye ofisi ya posta nayo ikafungwa. Visima vya kuingizia ethanoli vinaendelea na kazi katika ardhi ambayo majirani wengi wamekwisha kuihama.

Siku moja vipimo vya maji ya Hinkley vitasomeka vizuri, na bodi itaweka saini kuthibitisha hivyo. Kwa waliobaki, ushindi huo utakuwa na maana iwapo karatasi hiyo itaonyesha safu zote: ya kromiamu, ya manganisi na ya aseniki. Udhibiti unaosoma safu moja tu humwondolea mwananchi sumu aliyoijua na kumwachia asiyoijua.